Sufuria Moja Kutoka Dar Hadi Matema

Julai ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, kinachokupokea kwanza ni machungwa. Unaanza kuyaona Kibaha, na ukifika Chalinze yamejaa pande zote mbili za njia: kwenye nyavu, kwenye mabeseni, mengine yamemenywa tayari na kupangwa juu ya meza za mbao. Mengi hutoka Muheza na vijiji vingine vya Tanga, hushushwa njiapanda hapo na kutawanyika kwenda kila upande. Ungepita mahali hapohapo Desemba ungekuta maembe, na chungwa tamu ungelitafuta kwa taabu. Sisi tulipita Julai. Tukanunua machungwa, na kuanzia hapo tukakubaliana kwamba mpaka Ziwa Nyasa tutakula kile ambacho barabara inacho siku hiyo.

Gari letu ni Toyota Coaster iliyokuwa ikibeba wanafunzi. Fundi alitung'olea viti vya nyuma, akaweka kitanda, benchi lenye sanduku chini yake, na meza ya kupikia yenye ukingo ulioinuka ili sufuria isiteleze. Mume wangu ndiye dereva. Shangazi yake, mzaliwa wa Rungwe aliyeishi Dar kwa miaka mingi, ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu chakula. Mimi napika chini ya usimamizi wake, na jioni naandika.

Jiko letu ni la plate mbili, linatumia mtungi wa gesi wa kilo 6 uliofungwa wima kwa mikanda, na koki yake hufungwa kila gari linapoondoka. Maji tunayo kwenye madumu mawili ya lita 20. Friji hatuna, na hatukuitaka. Ukiwa na friji unanunua Kariakoo vyakula vya wiki nzima, halafu unapita katikati ya mashamba ya nyanya ukiwa na nyanya zako zilizochoka kwenye droo. Kutoka Dar tulibeba vile tu visivyoharibika upesi, au ambavyo huko juu ni adimu: nazi kavu, ndimu, chumvi, mafuta, unga wa sembe, majani ya chai na sukari. Nazi kavu ni rafiki wa kweli wa msafiri. Ikiwa haina ufa, na ukiitikisa unasikia maji yakicheza ndani, itakaa wiki kadhaa chini ya kitanda bila kudai chochote.

Tulilala Morogoro, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni ambako walituruhusu kuegesha kwa malipo madogo na kutumia bafu lao. Soko la Morogoro linalishwa na milima ya Uluguru: kabichi, karoti na hoho za Mgeta, na kutoka upande wa Matombo viungo kama mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nilinunua pilipili manga nzima, kiasi cha kujaza chupa ndogo ya dawa, na hiyo ndiyo iliyotufikisha mwisho wa safari. Pilipili manga ikisagwa pale pale kabla ya kuingia sufuriani huhitaji msaada mdogo sana wa viungo vingine. Usiku ule ilikuwa kabichi na karoti, dakika chache motoni, na chapati tulizonunua kwa mama mmoja mlangoni mwa soko. Kuhusu chapati nina msimamo: ndani ya gari usijaribu kuzikanda. Zinakula gesi, zinajaza moshi wa mafuta mpaka kwenye mashuka, na kila mji wa njia hii una mwanamke anayezisukuma vizuri kuliko wewe.

Baada ya Mikumi mjini hali ya hewa inabadilika, lakini kabla yake kuna hifadhi yenyewe, kiasi cha kilomita 50 za barabara kuu zinazopita katikati ya wanyama. Hapo hakuna kusimama kupika, hakuna kutupa hata ganda la chungwa. Tulikula machungwa yetu kabla ya kuingia, maganda tukayafunga kwenye mfuko wa takataka.

Halafu bonde la mibuyu. Joto linapanda, milima inakaribia, na Mto Ruaha Mkuu unaonekana ukimeta chini kushoto. Mabasi ya Mbeya na Songea husimama maeneo haya abiria wachimbe dawa na kununua chipsi kwa haraka, kisha honi inapigwa. Nimesafiri hivyo miaka mingi, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nilikuwa nikivinunua kupitia dirishani, pesa ikishuka huku gari likianza kuondoka. Safari hii nilishuka, nikavishika. Ukanda huu unalimwa kwa maji ya mito, kwa hiyo kiangazi hakiufungi, na wauzaji huvipanga vitunguu kwenye vikapu na nyavu mpaka barabara yote inakuwa na rangi ya zambarau. Shangazi alichagua kwa kubonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba. Shingo ikiwa imekauka na kubana, kitunguu hicho kitafika Kyela. Ikiwa bado laini, kipikwe leo.

"Cha shingo laini ukikifungia kwenye kikapu," alisema, "kesho kimewaozesha wenzake."

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, vikapu vimerudi kwenye heshima yake, na kwa kupika njiani hilo limekuwa jema. Kitunguu na kiazi vinahitaji kupumua. Tulivitundika vikapu vyetu kwenye vyuma vya dari, vile ambavyo wanafunzi walikuwa wakivishika wakisimama.

Mlima Kitonga unapandwa taratibu. Malori yanatambaa yakipishana kwa subira, kona zinajikunja juu ya korongo, na mume wangu alizima redio ili asikie injini vizuri. Ukifika juu unafungua dirisha na hewa ni nyingine kabisa. Ndani ya muda mfupi umetoka kwenye bonde la mibuyu ukaingia kwenye nchi ya sweta. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo kwenye basi lilikuwa likinipita: katika njia hii msimu haufuati kalenda peke yake, unafuata pia mwinuko. Mmea uleule hukua haraka bondeni na polepole mlimani. Kilichokwisha chini kinaanza juu, na mwenye gari lake anaweza kukifuata.

Ilula ni nyanya. Huwezi kusema kingine kwanza. Matenga ya mbao yamepangwa mpaka kimo cha mtu, malori yanapakia kwenda Dar, na kando ya lami wanawake wameketi nyuma ya sado zilizojaa, kila sado na kilima chake juu. Mama niliyesimama kwake alikuwa na umri wa kama mama yangu mdogo.

"Shikamoo mama. Kamwene."

"Marahaba mwanangu. Kamwene. Za leo au za kesho?"

Nilipomwambia za leo, za kesho na za siku ya tatu, alimwaga sado yote kwenye khanga aliyoitandika chini, akaanza kuipanga upya. Ngumu zenye ukijani begani alizitanguliza chini. Zilizoshika rangi lakini bado zinakataa kidole zikafuata. Juu kabisa akaweka zilizoiva barabara, nyekundu hadi kwenye kikonyo, akanionyesha moja iliyoanza kupasuka na kusema hiyo niipike kabla jua halijazama. Hakuna friji duniani iliyowahi kunipangia nyanya namna hiyo. Kila jioni nilichukua tabaka la juu, na lililofuata lilikuwa limejitayarisha lenyewe.

Nataka niseme jambo hapa. Msimu wa nyanya ukichanganya, bei huku inaanguka mpaka mkulima anashindwa hata kulipia tenga, na unaweza kuona lundo zima limemwagwa pembeni likioza. Iringa kuna Dabaga, kiwanda kinachotengeneza sosi ya nyanya kwa miaka mingi, lakini kiwanda kimoja hakiwezi kumeza kila kitu. Msafiri naye hawezi. Lakini anayesimama na kununua sado mbili badala ya kununua nyanya nne mjini anaacha pesa kwenye mkono uliolima, na kupika nyanya nyingi ni kazi rahisi kuliko zote. Jioni ile nilikata zote laini, nikaziweka kwenye sufuria na vitunguu viwili vya Mbuyuni, mafuta, chumvi, bila tone la maji. Moto mdogo. Ukiacha mfuniko wazi kidogo, maji yake yenyewe yanakauka, mafuta yanajitenga pembeni, na rangi inakuwa nzito kama ya matofali. Hiyo rosti ndiyo msingi. Kesho yake asubuhi niliivunjia mayai, jioni ikapokea maharage. Kwa baridi ya nyanda za juu ilikaa vizuri kwenye sufuria iliyofunikwa, maadamu niliichemsha upya asubuhi na jioni. Pwani nisingethubutu.

Iringa mjini tulikwenda sokoni kutafuta maharage. Huu ni wakati wake: yaliyovunwa mwezi wa sita na wa saba yanashuka kutoka vijijini yakiwa yanang'aa, ganda halijasinyaa. Maharage mapya huiva upesi kuliko ya mwaka jana, na kwa anayebana gesi tofauti hiyo ni kubwa. Muuzaji mmoja aliniacha nitafune punje. Ya zamani inavunjika kama kokoto. Mpya inapokea jino kidogo kabla ya kukatika.

Tulilala Kisolanza, shamba la zamani kiasi cha kilomita 50 kutoka Iringa kuelekea Mafinga, ambalo wasafiri wa masafa marefu wanaovuka Afrika kwa magari yao wanalijua vizuri. Lina uwanja wa kambi, na wanauza mboga, mayai na nyama ya hapohapo. Jirani zetu walikuwa wazee wawili kutoka Ujerumani kwenye lori lililogeuzwa nyumba, wakipasha mahindi ya kopo. Shangazi hakuvumilia. Aliwapelekea bakuli la rosti na mayai, akarudi na kopo lao tupu, akaligeuza kuwa kikombe cha kupimia mchele.

Usiku nililoweka maharage kwenye ndoo yenye mfuniko. Asubuhi nikamwaga maji ya kulowekea, nikaweka mapya, nikayachemsha kwa nguvu nusu saa wakati chai na mkate vikiendelea. Kuchemsha kwa nguvu hakuna mjadala. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili ambayo moto wa uvuguvugu hauiui, na inahitaji angalau dakika 10 za mchemko wa kweli. Kisha nikazima jiko, nikafunika sufuria, nikaizungushia khanga mbili na blanketi kuukuu, nikaitumbukiza kwenye kapu kubwa la ukindu na kuziba juu kwa mto. Kapu likakaa chini kati ya benchi na kitanda, limebanwa kwa madumu ya maji.

Tukaondoka. Mafinga ilipita, na misonobari ya Sao Hill, msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa Tanzania, ikapita kwa muda mrefu, mistari iliyonyooka ikifunguka na kufunga. Makambako tukakata kushoto kwenda Njombe. Muda wote huo maharage yalikuwa yakiiva bila moto. Njombe nilipolifungua kapu, mvuke ulinipiga usoni, na punje niliyoibana kati ya vidole ilipondeka kama siagi. Gesi iliyotumika ni ile ya nusu saa. Bibi zetu walizika vyungu kwenye jivu la moto na kwenda shamba. Kapu ni mwendelezo wa akili ileile, na kwa gari linalosafiri mchana kutwa sijaona njia bora. Jambo moja la kuzingatia: ukilifungua ukakuta sufuria imepoa, ichemshe tena vizuri kabla ya kula.

Njombe ni baridi isiyo na utani. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi majani ya kando ya njia yanaweza kuwa meupe kwa sakitu. Mtungi wa gesi ulitoa mwali mdogo, kwa sababu gesi ya kupikia ikipoa sana hugeuka mvuke kwa uvivu. Shangazi akauingiza mtungi mahali penye jua, akasubiri, kisha akawasha. Tulijifunza pia kuyapa maji muda. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo viazi vinavyoonekana kurukaruka kwenye maji yanayotokota bado vinapikwa kwa joto dogo kuliko ulivyozoea. Chai inachemka lakini haiunguzi ulimi kama ya Kariakoo. Kiazi ulichozoea kukitoa mapema, kiongezee muda na usikichokonoe.

Na viazi vya Njombe vinastahili muda huo. Tulivikuta na udongo wake mwekundu, tukaviosha kwa brashi, tukavipika na maganda kwenye maji machache, mfuniko ukiwa umekandamizwa na jiwe. Maharage yakachanganywa na rosti ya Ilula upande wa pili. Kulikuwa na jibini ya Njombe, kwani mji huu una maziwa mazuri, na kipande kikubwa kiliyeyuka juu ya viazi vilivyopasuliwa.

Halafu maparachichi. Wilaya za Njombe na Rungwe zimepanda aina ya Hass kwa wingi kwa ajili ya kuuza nje, na tangu 2022, China ilipofungua soko lake kwa parachichi la Tanzania, kila mtu unayekutana naye ana miche au anaitafuta. Sokoni yapo ya aina zote: Hass dogo lenye ngozi nene inayokuwa nyeusi likiiva, na ya kienyeji, makubwa, ya kijani, laini, yenye maji zaidi. Kwa safari chukua Hass, linavumilia mtikisiko. Shangazi hakulibonyeza tumboni kamwe. Alilishika kiganjani na kugusa sehemu ya kikonyo kwa ncha ya kidole, kidogo tu. Likikubali hapo, ni la mchana huu. Likikataa, linaingia kwenye soksi ya sufu, ndiyo, soksi, na kuning'inizwa karibu na injini, ambako joto linaliivisha siku mbili mapema. Parachichi, chumvi, ndimu ya Dar, pilipili manga ya Morogoro, juu ya kiazi cha moto. Tulikula hivyo mchana na jioni, na mume wangu hakuuliza kama kuna nyama.

Tulirudi Makambako, na kutoka hapo mpaka Uyole barabara inashuka kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, kisha inapanda tena. Nitayaruka hayo. Uyole tukakata kwenda Tukuyu, na kule Isyonje tukaingia ndani ya wingu. Taa za gari ziliwashwa mchana. Tulipotoka upande wa pili kila kitu kilikuwa kijani kibichi, Mlima Rungwe umejifunika, chai imekatwa sawasawa mpaka kwenye ukingo wa lami, na migomba imesimama nyuma ya kila nyumba. Rungwe hunyeshewa karibu mwaka mzima. Wakati nusu ya nchi inakauka, hapa Julai bado kuna manyunyu ya asubuhi, na ndizi hazijui kuisha.

Shangazi alishuka kwenye gulio dogo kabla ya Kiwira na Kiswahili kikakoma. Aliongea Kinyakyusa na wanawake wale kwa muda mrefu, akicheka, akigusa vichane, akivikataa vingine, na aliporudi na mkungu alisema "ndaga fijo", asante sana, kwa sauti iliyowafikia hata walio ng'ambo ya barabara. Kuhusu mbalaga, ndizi za kupika za kwao, alinifukuza jikoni. Nilikaa mlangoni nikaangalia.

Alipaka mafuta mikononi kwanza, na kwenye kisu pia, maana utomvu wa ndizi mbichi ukikauka kwenye vidole unakaa siku kadhaa. Akakata ncha zote mbili, akachora mstari mmoja kwenye ganda kutoka juu hadi chini, akaingiza kidole gumba na kulivua lote kwa pamoja. Kila ndizi iliyomenywa ilitumbukia kwenye beseni la maji lenye ndimu iliyokamuliwa ili isiwe nyeusi. Kitunguu, nyanya za tabaka la mwisho la Ilula, chumvi, maji ya kufunika nusu ya ndizi tu. Hakukoroga hata mara moja. Alitikisa sufuria kwa masikio yake mawili. Ndizi zilipoanza kulainika akaniomba mbuzi, akaikuna nazi yetu ya Dar kwa kasi iliyonishangaza, akakamua tui zito likae pembeni na tui jepesi likaingia sufuriani. Lile zito liliingia mwisho, moto ukiwa karibu kuzimwa, likapata povu moja tu.

"Kwetu tungeweka maziwa ya ng'ombe au nyama," alisema. "Lakini pwani nako ni kwetu sasa."

Tulikula tumesimama, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza na meza ilikuwa nje. Hakuna aliyezungumza mpaka sufuria ilipofikiwa chini.

Baada ya Tukuyu ni kuteremka mpaka masikio yanaziba. Sweta zilivuliwa moja baada ya nyingine. Kyela ni joto, tambarare, yenye harufu ya mpunga na kakao inayoanikwa kwenye majamvi. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu yake, na ndiyo maana jina lake huandikwa kwenye magunia mengi yasiyotoka hapa. Ukiwa na gari, nenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukoboa. Tulisimama pale mpunga ukimwagwa, tukapokea mchele ungali na joto la mashine, vumbi la pumba likitukaa kwenye kope. Mchele mpya, wa mavuno ya mwaka huuhuu, una unyevu ndani yake na haupendi maji mengi. Mchele wa mwaka jana ningeupimia vikombe viwili vya maji kwa kimoja. Huu niliupa kimoja na nusu, nikaufunika, nikaacha mvuke umalizie. Ulisimama punje kwa punje, na harufu ikawaita watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya mashine. Nao walipata.

Matema iko mwisho wa njia, pale ambapo milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Ziwa liko chini sana, mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku tulilala madirisha wazi, sisi tuliokuwa tukitetemeka Njombe. Tuliegesha kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, chini ya miti, mchanga ukianza hatua chache kutoka mlangoni. Ng'ambo kidogo, huko Ikombe, wanaishi Wakisi, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu vinavyosafirishwa kwa mitumbwi mpaka gulio la Matema. Nilinunua kimoja kipana chenye mdomo uliopakwa rangi nyeupe. Aliyeniuzia alinielekeza nipikie kwanza uji mwepesi ndani yake, uzibe vitundu vya udongo, ndipo nikipe mchuzi.

Nilichokuwa nikikingojea ni usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Nilidhani nitawakuta kila asubuhi, kama nyanya. Mvuvi mmoja kijana, aliyekuwa akishona wavu, alinieleza vingine. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Mtumbwi unawasha taa juu ya maji meusi, samaki wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, ziwa zima ni taa, na usipa hawana sababu ya kuja kwako. Kwa hiyo hapa msimu ni wa giza na mwanga, unakwenda na kurudi kila mwezi. Na Julai kuna upepo wa kusini pia, ambao ukiinua mawimbi mitumbwi haitoki hata kama giza ni zuri.

"Dada, umepata bahati," alisema. "Mwezi mchanga, na jana upepo umelala."

Alfajiri mitumbwi ilirudi. Usipa walikuwa wakimwagwa kwenye mabeseni, fedha tupu, macho angavu, na wanawake waliwasambaza wengine moja kwa moja kwenye vichanja vya kukaushia. Mbasa pia alikuwepo, mmoja mkubwa, samaki mzuri wa ziwa hili anayepanda mito kutaga mayai. Amepungua sana kwa kuvuliwa kupita kiasi, na Shangazi alimpita bila kuuliza bei. Tukachukua usipa, kopo la wale Wajerumani likajaa mara tatu.

Wabichi hawahitaji karibu chochote. Niliwasuuza kwa maji ya ndimu na chumvi. Chungu cha Kikisi kikawekwa juu ya mafiga matatu ufukweni, kuni za kuokota, vitunguu vya Mbuyuni vya mwisho, maji kidogo, pilipili manga. Mchuzi ulipochemka niliwatandaza usipa juu yake na kufunika, kwa muda wa kuchambua mchicha fungu moja, basi. Nyama ikawa imeachia mfupa. Wali ulikuwa tayari ndani ya kapu tangu nilipowasha moto.

Tukiwa tunakula, mazungumzo yalikuwa juu ya safari ijayo. Mume wangu anataka Lushoto, Desemba, kwa ajili ya plamu na maembe ya njiani. Shangazi anataka njia hii hii, Februari, mvua ikiwa imekolea: uyoga wa msituni ukiuzwa kwenye vikapu kando ya barabara kati ya Mafinga na Makambako, mahindi mabichi yakichomwa kila kituo. Nilimuuliza kuhusu maharage. Akasema Februari huko juu yanauzwa yakiwa bado kwenye maganda yake, laini, unayachambua mkononi gari likiwa linakwenda na yanaiva na viazi katika mchemko mmoja, kapu tutalitumia kwa wali. Nikapiga kura ya pili upande wake, na mume wangu akaanza kuhesabu ni lini gari lifanyiwe sevisi.